Aliyegusa Usukani

Tulilisikia lile gari kabla ya kuliona. Ilikuwa Ijumaa, kama saa tatu asubuhi, nami nilikuwa nimekaa juu ya tairi mbele ya gereji ya mjomba Saad hapa Somanga, nikisafisha beringi kwa mafuta ya taa. Kutoka upande wa Ikwiriri ukaja mlio wa vyuma vinavyogongana haraka haraka, kama mtu anayetikisa debe la misumari. Kisha likatokea: pikapu ya zamani ya bluu, Landkruza, matairi yake ya mbele yakicheza kulia na kushoto kama miguu ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Nyuma ilibeba kitanda kipya kilichofungwa kamba na kufunikwa turubai. Iliacha lami, ikaingia kwetu bila kupiga honi, ikasimama hatua moja kutoka kwenye ndoo yangu.

Aliyeshuka alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia ya viua na unga wa mbao kwenye mishono ya shati. Hatukuwahi kumwona. Alishika mlango kwanza, asianguke. 

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Fundi yupo?"

"Fundi yuko chini," mjomba akajibu kutoka uvunguni mwa Fuso. "Na huyo uliyeitikia salamu yake ni nusu fundi, nusu mwalimu. Mweleze yeye, mimi nasikia."

Hivyo ndivyo anavyonitania. Nina shahada ya ualimu wa fizikia, na huu ni mwaka wa pili nasubiri kupangiwa shule. Mjomba, kaka yake mama, hakuniuliza lini nitapata kazi. Siku niliporudi na cheti changu ndani ya bahasha alinipa spana namba kumi na saba, akasema, "Fizikia yako imelala hapa chini, Mwalimu. Njoo uiamshe."

Mgeni alijitambulisha kuwa ni Yunusu, seremala wa Ikwiriri. Gari likifika mwendo wa sitini, alisema, likikanyaga kibonde kidogo tu, usukani unamponyoka na kuanza kujizungusha wenyewe kulia na kushoto, na haukomi mpaka asimame kabisa. Mara tatu asubuhi ile alikuwa ameingia majanini. Fundi mmoja njiani alimwambia aongeze upepo kwenye matairi. Aliongeza, ikawa mbaya zaidi.

"Sasa unakwenda wapi na hali hii?" mjomba akauliza, safari hii akitoa kichwa nje.

"Rutamba. Kesho kabla ya alasiri niwe nimefika."

"Panda basi, baba. Kitanda kitakufuata."

Mzee Yunusu akatikisa kichwa. "Basi halinifai. Kesho mpwa wangu anatolewa. Umi, mtoto wa marehemu dada yangu. Na gari hili ni la dada yangu."

Mjomba akatoka uvunguni mzimamzima, akakaa chini, akajifuta mikono. Kwa watu wa huku haihitaji mtu kueleza zaidi ya hapo. Mwali akimaliza unyago, siku ya kutolewa ndani, mjomba wake ndiye anayesimama mbele ya watu. Baba anaweza kuwepo au asiwepo. Mjomba akikosekana, watu huulizana kama huyo mtoto ana kwao.

Mzee Yunusu alitusimulia huku akinywa maji. Dada yake, Adija, alilinunua gari lile kuukuu kwa fedha za korosho, akaliendesha mwenyewe miaka kumi na moja, akisomba mchele na korosho kati ya Rutamba na Lindi. Wanaume walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wakaanza kumwomba lifti. Alipougua aliendesha mwenyewe hadi Ikwiriri kwa kaka yake, akalisimamisha uani, akapanda basi kwenda hospitali. Hakurudi. Asubuhi ile ya kuondoka alimwambia Yunusu maneno mawili: Umi asome, na siku ya kutolewa asipite mtaani kwa miguu, apitishwe kwa gari la mama yake.

"Miaka mitatu limekaa uani kwangu. Mimi ni mtu wa randa, sijui magari. Nimefunga betri mpya, nikasema bismillahi."

"Bismillahi ilikufikisha," mjomba akasema. "Sasa tuangalie na vyuma."

Mtu mwingine angeangalia mara moja na kutaja spea. Mjomba hafanyi hivyo. Alipiga jeki magurudumu ya mbele yakaelea, akaniweka mimi kwenye gurudumu la kushoto, akalala chini na kuweka kiganja juu ya kila kiungo, kimoja kimoja, huku mimi nikilitikisa gurudumu, mara juu na chini, mara kulia na kushoto. Hasikilizi kwa sikio. Husema kiungo kilicholegea hugonga kiganjani kama moyo wa kuku. Tairodi zote mbili, zile fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu, beringi za juu na za chini, boksi la usukani, bushi za springi. Ilichukua karibu saa nzima. Mzee Yunusu alichuchumaa pembeni akimtazama kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Hatimaye mjomba akaniita niingie uvunguni.

"Mwalimu, ona hapa."

Kila sehemu ya kuingizia grisi ilikuwa imefutwa na kuvalishwa kikofia kidogo kilichokatwa kutoka kwenye mpira wa baiskeli. Kila nati ilikuwa na alama ya rangi nyeupe, ili ikilegea hata robo mzunguko, ionekane. Chini ya vumbi la miaka mitatu grisi ilikuwa bado laini.

"Dada yako alikuwa na fundi gani?" mjomba akauliza akiwa chini.

"Hakuwa na fundi. Alikuwa anaingia mwenyewe. Alikuwa na kanga yake ya kulalia chini, ina mafuta tupu."

Mjomba akafuta vumbi kwenye kikofia kimoja kwa kidole. "Nimeingia chini ya magari ya makampuni makubwa," akasema, "sijakuta hivi. Mungu amrehemu. Huyu alikuwa mtu."

Mzee Yunusu aligeuka akatazama barabara, akapangusa uso kwa kofia yake.

Gari zima lilikuwa na kitu kimoja tu kilichokufa: shokapu ya usukani. Ni bomba lenye mafuta ndani, urefu wa mkono hadi kiwiko, limelazwa nyuma ya tairodi. Kazi yake ni kutuliza. Gurudumu likigonga kibonde, lenyewe linazuia mtikisiko usikue. Ile ilikuwa imevuja mafuta yote. Ukiisukuma na kuivuta inakwenda kama bomba la baiskeli lisilo na mpira.

"Ingekuwa viungo vimelegea halafu nikakufungia shokapu mpya, ningekuwa nimekufunika macho," mjomba alimweleza. "Gari lingetulia leo, likuue mwezi ujao. Lakini viungo ni vizima. Tupate shokapu tu."

"Na ikipatikana nitafika?"

"Utafika. Na hutafika peke yako."

Hapo ikabidi nimweleze mgeni sheria ya gereji yetu. Aliyegusa usukani, apande. Mtu aliyekaza nati ya mwisho kwenye usukani au breki za gari la mtu, lazima akae pembeni ya dereva safari ya kwanza mpaka mwisho, popote iendako. Mjomba aliipata kwa fundi aliyemfundisha, naye hajawahi kuivunja. Kuna mwaka alikaza nati ya lori asubuhi, jioni akajikuta Mtwara, akarudi siku ya pili amepanda juu ya magunia. Wenzake wa barabarani humcheka mpaka leo. Lakini wake zao wakisafiri, magari huletwa kwetu.

Shokapu ikawa kazi yangu. Kuagiza Dar es Salaam kusingesaidia: ingekuja na basi la Jumamosi, ifike mwali ameshatolewa. Ile mbovu ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye gari. Msumari wake wa upande wa tairodi ulikuwa umeshikana na kutu, na mjomba alikuwa anaulowesha mafuta ya taa taratibu. Basi nilichukua vipimo kwa uzi wenye mafundo, nikapiga picha za ncha zote mbili kwa simu, nikapanda pikipiki ya Jafari, kijana wa bodaboda wa pale jirani.

Somanga yote haikuwepo. Nangurukuru, duka la kwanza walicheka. Duka la pili, mwenye duka, Ismaili, alinitolea shokapu mpya inayong'aa ndani ya boksi. Urefu ulilingana na uzi wangu. Ncha moja ndiyo ilikataa: badala ya msumari wa kuingia kwenye tundu la tairodi ilikuwa na jicho, pete tupu ya chuma.

"Toboa, chomelea, itaingia tu," Ismaili akasema. "Watu wanafanya."

"Wanafanya, halafu?"

"Halafu wanakuja kununua nyingine." Akacheka, kisha akaona sicheki. "Dada, mbona umekaza uso? Gari la bwana harusi?"

"La mwali."

Akairudisha ile shokapu kwenye boksi. Alikaa akifikiri, akijikuna shingo kwa kalamu. "Pale Kivinje alikuwepo marehemu Hussen, alikuwa na Landkruza kama hiyo hiyo. Limekaa juu ya mawe uani miaka na miaka. Lakini nakwambia mapema, mjane wake, Bi Kadija, hauzi hata kioo. Wale wanunuzi wa vyuma chakavu aliwafukuza kwa mwiko wa ugali."

Tulimkuta Bi Kadija anachambua mchele barazani. Nilimpigia hodi, nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka kabla ya kusema shida yangu, kama nilivyofunzwa. Nilimweleza yote: seremala, dada yake, Umi, kitanda cha zawadi cha mninga nyuma ya gari. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Na huyo marehemu aliendesha mwenyewe?"

"Mwenyewe, bibi. Na grisi alikuwa anapaka mwenyewe."

"Haya. Njoo uone. Kuona si kuchukua."

Gari lilikuwa chini ya paa la makuti nyuma ya nyumba, limefagiliwa pembeni mwake, vioo vimefutwa. Halikuwa na matairi. Boneti ilikuwa wazi kidogo, na ndani, mahali palipokuwa na betri, kuku mwekundu ameatamia, akanitazama kwa jicho moja.

"Huyo ana siku kumi na tano," Bi Kadija akasema. "Akishtuka, mayai yanaharibika. Ukitaka kuingia chini, ingia kama mwizi."

Nikaingia kama mwizi. Jafari alibaki nje akizuia kicheko. Chini, nyuma ya tairodi, niliikuta imelala: msumari uleule wa kwenye picha, urefu uleule wa uzi wangu, kavu, haina hata tone la mafuta nje. Bi Kadija akaniambia akiwa amesimama, miguu yake mbele ya uso wangu, kwamba mumewe aliibadilisha mwezi ule ule aliofariki. Hakuitumia hata kufika mjini Masoko.

Nikatoka, nikajipangusa magoti.  Kumwomba mtu kitu kama kile si kama kuomba chumvi.

Yeye ndiye aliyesema. "Gari hili sikuliweka niliuze. Naliangalia, nakuwa na mtu nyumbani. Sasa nikitoa kitu, paonekane pengo, kesho vijana wanakuja na spana zao, kesho kutwa hakuna gari. Kwa hiyo utachukua. Lakini kile kibovu chenu ulete, ukifunge pale pale kwa mkono wako huo huo, gari langu liwe na kila kitu chake. Usiku mmoja nitalala na pengo. Usiku wa pili silali."

"Kesho kabla ya magharibi, bibi. Nakuahidi."

"Usimtume mtu."

"Simtumi mtu."

Alikataa kupokea fedha. Nilifungua nati polepole, kila mzunguko nikisubiri kuku atulie, na ilinichukua mpaka adhana ya alasiri. Nilipoisimamisha ile shokapu na kuikandamiza kwa mikono miwili, ilishuka taratibu, kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, na nilipoivuta ikapanda hivyo hivyo. Nilitaka kumbusu Bi Kadija. Badala yake nikampa mkono, naye akaufinya kwa nguvu zake zote.

Jumamosi baada ya alfajiri tulikuwa chini ya pikapu. Ule msumari wenye kutu ulikuwa bado umeng'ang'ania. Mzee Yunusu, aliyelala kwenye kitanda chetu cha kamba, alikuwa amevaa kanzu tayari, anazunguka gari, anatazama saa. Ilipita saa moja. Saa mbili. Alianza kusema labda aende tu hivyo hivyo, polepole, mwendo wa thelathini.

"Thelathini utafika kesho," mjomba akamwambia. "Kaa."

Kisha akaleta nyundo mbili. Akanipa moja. Kuna njia ambayo hakuna kitabu kilichonifundisha: tundu la msumari hupigwa pande mbili kwa wakati mmoja, nyundo zikutane kama makofi, chuma kishtuke, kiachie. Ukichelewa kidogo tu, nguvu yako inapotea. Mjomba alihesabu kwa Kimatumbi ili tusikosane, tukapiga. Mara ya nne nyundo yangu ilikutana na yake. Msumari ukaanguka mchangani kwa mlio mdogo.

"Mwalimu amefaulu," mjomba akasema.

Nilifunga shokapu ya Bi Kadija mimi mwenyewe. Mjomba alishika tochi tu. Niliingiza bushi, nikauweka msumari kwenye tundu lake, nikaikaza nati, nikapitisha pini mpya ya kuizuia isilegee na kuikunja. Kisha nikatia alama ya rangi nyeupe juu ya nati, kama alivyofanya Adija. Nilipotoka, mjomba alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijaizoea.

"Umegusa usukani," akasema. "Nenda kavae."

Nilikuwa nimelitoa dera langu zuri tangu usiku. Nilikuwa nimeshafikiria safari nzima: nimekaa katikati ya vumbi la Rutamba, vigelegele, msichana anashushwa kwenye gari la mama yake, gari linalonyooka kwa sababu ya kazi yangu. Mimi mwenyewe nilitolewa kwa mkono wa mjomba Saad, nikiwa na mavazi mapya na hofu. Nilitaka kuona uso wa yule mtoto. Katika miaka miwili ya kusubiri barua ya kazi, sikuwa nimefanya jambo lolote ambalo mwisho wake ningeuona kwa macho.

Nikiwa nafunga mtandio ndipo nilipoiona shokapu mbovu juu ya gunia, ahadi yangu kwa Bi Kadija ikanirudia. Ilikuwa karibu saa nne. Ili kufika Rutamba kabla ya alasiri gari halikuwa na nafasi ya kukata kwenda Kivinje na kusubiri kazi ya saa nzima chini ya kuku.

Mzee Yunusu alipoelewa, akasema, "Mpe kijana wa pikipiki apeleke. Bibi ataelewa. Mwali ni mara moja."

Nilimtazama mjomba. Aliinama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

"Nilisema simtumi mtu," nikajibu. "Na aliyekaza nati ni mimi. Sasa nani atapanda na wewe?"

Hilo ndilo lililoniumiza. Nilikuwa na neno kwa Bi Kadija na wajibu kwa seremala, na barabara zao zinaachana Nangurukuru.

Mjomba alichukua koleo, spana na pini nyingine mpya, akalala chini ya pikapu na shati lake safi la Jumamosi. Nikasikia pini yangu inanyooshwa. Nikasikia nati inalegea. Kisha ikakazwa tena, taratibu, hadi mwisho, na pini mpya ikakunjwa. Alipotoka, mgongo mzima ulikuwa na mchanga wenye oili.

"Sasa nimegusa mimi," akasema. "Fuso ya watu itasubiri Jumatatu, nitaomba radhi. Mzee, washa gari."

Tulipanda watatu, mimi katikati, shokapu mbovu mapajani ndani ya gunia. Baada ya Somanga kuna mahali lami imewekwa viraka vitatu mfululizo. Mzee Yunusu alipoviona alianza kupunguza mwendo, mikono imekakamaa.

"Usipunguze," mjomba akasema.

"Fundi, hapa ndipo—"

"Mimi nimekaa hapa. Usipunguze."

Sindano ya spidi ilikuwa juu kidogo ya sitini. Kiraka cha kwanza kikatugonga, usukani ukajitikisa mara moja na kutulia, kama mtu aliyeitwa akaona hakuna jambo. Cha pili. Cha tatu. Mzee Yunusu akaondoa mkono wa kushoto kwenye usukani, akauweka juu ya goti lake, akauacha hapo.

"Alikuwa anaendesha hivi," akasema. "Mkono mmoja. Nilikuwa namgombeza."

Nangurukuru nilishuka. Mzee Yunusu alitaka kunipa fedha, nikakataa. Akanipa kofia yake ya viua nimpelekee Bi Kadija, awape wajukuu. Mjomba alitoa kichwa dirishani.

"Mwali akishuka nitakupigia, usikie vigelegele."

"Usisahau."

"Nimewahi kusahau nini?"

Nilisimama pale njia panda mpaka kitanda cha mninga kilipopotea kwenye kona.

Kivinje nilikuta mlango umefungwa na geti la uani lina kufuli. Jirani alisema Bi Kadija yuko msibani tangu asubuhi, atarudi baada ya alasiri. "Kama ni mzigo, niachie mimi," akaongeza kwa wema. Nikamshukuru. Nilikaa kwenye baraza na gunia langu zaidi ya saa tatu. Mabasi ya kwenda Lindi yalikuwa yanapita kule barabarani. Nilijua kwamba ningeliacha lile gunia na kukimbia, pengine ningezikuta ngoma bado zinalia. Nilihesabu wakati wake mara mbili. Kisha nikaacha kuhesabu.

Bi Kadija alikuja saa kumi kasoro, amechoka, na aliponiona hakushangaa. Alifungua kufuli. Kuku alikuwa pale pale, jicho lile lile.

Niliingia uvunguni. Ile shokapu ilikuwa imekufa na gari lilikuwa limekufa. Hakuna barabara ambayo vitaendea pamoja. Ningeweza kuibana kwa waya, na hakuna macho ambayo yangeona. Lakini nilikuwa nimesugua kutu kwenye msumari asubuhi, nimeutia grisi, na mfukoni nilikuwa na pini mpya. Nikaiinua kwa mkono wa kushoto mahali pake, nikaishikia nati kwa vidole, ikala nyuzi mbili.

Hapo simu yangu ikaanza kulia barazani.

Nilijua ni nani na ni nini. Mkono mmoja ulikuwa umebeba shokapu. Nikiiachia, ingeanguka na kugonga vyuma kwa kishindo, na juu yangu kuku alikuwa amebakiza siku tano tu. Simu ililia mpaka ikakata. Ikalia tena. Niliendelea kuzungusha, robo kwa robo, jasho likiniingia machoni, huku nikifikiria mguu wa msichana ukitoka kwenye gari la bluu na kutafuta ardhi. Simu ikanyamaza.

"Kuna mtu anakutafuta," Bi Kadija akasema.

"Atapiga tena, bibi. Bado kidogo."

Nikaikaza nati mpaka ikagoma. Nikapitisha pini, nikakunja ncha zake mbili, moja juu, moja chini. Nikajivuta nje taratibu.

Bi Kadija alikuwa ameingia na kukaa kwenye kiti cha dereva, jambo ambalo sikuwahi kudhani angefanya na baibui lake la msibani. Alishika usukani kwa mikono miwili, akauzungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, akisikiliza.

"Umekaza?"

"Nimekaza, bibi."

"Haya," akasema, akaufunga mlango. "Leo nalala."